Ruta Teule: Uchaguzi Unaoamuliwa na Stima

Wanafunzi wa mitandao hukariri mambo matatu kuhusu ruta teule, ile inayochaguliwa kuratibu wenzake katika itifaki ya OSPF, na yote matatu yana walakini. Kwamba ruta yenye kipaumbele kikubwa ndiyo hushinda. Kwamba data zote hupitia kwa mshindi. Kwamba mtandao mzima huwa na mshindi mmoja. Mtu anaweza kupita mtihani kwa majibu hayo, lakini akitumwa Wusi, juu ya Mwatate, kutafuta kwa nini kompyuta za zahanati hazifiki Voi, atasoma maneno ya kweli kwenye skrini na kuyaelewa kinyume.

Mkanganyiko huu hautokani na uvivu. OSPF hufundishwa kwa mchoro wa ofisi moja, swichi moja, ruta nne na umeme usiokatika. Taita Taveta haifanani na mchoro huo. Voi iko tambarare, kando ya barabara kuu na reli ya Mombasa na Nairobi, kwenye ushoroba uleule unaopitisha faiba kutoka pwani, ambako nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitua mwaka 2009 na EASSy mwaka uliofuata. Kutoka hapo ardhi hupanda hadi Vuria, kilele cha mita 2,208 chenye milingoti ya utangazaji. Kati ya tambarare na kilele, atakayeunganisha shule, zahanati na ofisi za kata atachanganya faiba, redio na swichi za kila aina. Humo ndani uchaguzi wa ruta teule hufanyika tena na tena bila mtu kuuitisha.

Je, uachwe ujiendeshe, uelekezwe, au ufutwe kabisa?

Hesabu iliyozaa uchaguzi

OSPF ni itifaki ambayo ruta za taasisi moja hutumia kujengeana ramani. Kila ruta hutangaza viungo vyake, matangazo huenezwa kwa wote, kisha kila moja hukokotoa njia fupi kwa kanuni aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959. Toleo la pili, ambalo ndilo linalotumika hadi leo kwa anwani za IPv4, limeelezwa katika waraka RFC 2328 wa Aprili 1998, kazi ya John Moy.

Kwenye kiungo cha ruta mbili mambo ni mepesi: zinasalimiana, zinalinganisha ramani, basi. Ugumu huja pale ruta nyingi zinapochomekwa kwenye swichi moja, zote zikisikiana. Ruta 10 zikilazimika kulinganisha ramani kila moja na kila nyingine, jozi ni 45. Zikiwa 20, jozi ni 190, na tangazo moja dogo hugeuka kelele kwa sababu kila anayelipokea humpelekea ambaye tayari analo. Dawa ikawa kuteua ruta moja, kuipa msaidizi, na kuwaambia wengine wote walinganishe ramani na hao wawili tu. Jozi 45 zikashuka hadi 17, na 190 hadi 37. Ramani nayo ikapungua uzito, kwa kuwa ruta teule hutoa tangazo moja linaloichora sehemu nzima kama nukta ambayo wote wameshikana nayo, badala ya kuchora uzi kutoka kwa kila mmoja hadi kwa kila mwingine.

Hesabu hiyohiyo ina upande usiotajwa sana. Ruta zikiwa 3, jozi ni 3 bila uchaguzi na ni 3 pamoja nao. Zikiwa 2, jozi ni moja vyovyote iwavyo. Nafuu huanza kwenye ruta ya nne, tena nafuu ya jozi moja tu. Viungo vingi vya mlimani vina ruta mbili, mnara kwa mnara au mnara kwa jengo. Vinafanya uchaguzi usio na faida yoyote, kwa sababu tu vimepita kwenye mlango wa Etheneti, na OSPF ikiona Etheneti hudhani iko mkutanoni.

Ugonjwa huu wa jozi kuzidi haukuipata OSPF peke yake. Katika KIXP, kituo cha Nairobi ambako kampuni za intaneti za Kenya hubadilishana data, kilichofunguliwa Novemba 2000, kikafungwa na mamlaka ya mawasiliano mwezi uliofuata na kurejea Februari 2002, tatizo la kila mmoja kufunga mkataba na kila mwingine ni lilelile. Vituo vya aina hiyo hulitibu kwa kuweka seva ya njia, mashine iliyotengwa kwa kazi hiyo, isiyochaguliwa na mtu bali kusimikwa na wasimamizi. Tofauti hiyo ina uzito katika yanayofuata.

Katibu, si chifu

Ruta teule ni katibu wa kikao. Hupokea taarifa, huhakikisha kila mwanachama amezipata, huandika jina la kikao kwenye kumbukumbu. Mizigo ya wanachama haipitii mezani kwake.

Kiufundi ni hivi: ruta ya kawaida yenye habari mpya huituma kwenye anwani ya kundi 224.0.0.6, ambayo husikilizwa na ruta teule na msaidizi wake tu. Ruta teule huirudia kwenye 224.0.0.5, ambayo ni ya wote. Msaidizi husikiliza kimya, ramani yake ikiwa kamili tayari. Data za watumiaji, yaani barua pepe, video, malipo, hutoka ruta moja hadi nyingine moja kwa moja kupitia swichi. Kwa hiyo hofu kwamba ruta ndogo ikishinda itasongwa na msongamano wa data haina msingi. Anayetafuta mlango mkuu wa kutokea anatafuta kitu kingine kabisa.

Kutoka hapo hutokea kosa la pili, ambalo huwapotezea mafundi saa nyingi. Fundi huorodhesha majirani wa ruta ya kawaida na kukuta wawili wamefika hatua ya mwisho, ya ramani kamili, ilhali wengine wamekwama hatua ya kusikiana tu. Huanza kubadilisha nyaya. Hakuna kilichoharibika: ruta mbili za kawaida hazitakiwi kwenda mbali zaidi ya kusikiana. Ndiyo maana ya kuwa na katibu.

Na katibu ni wa kikao kimoja. Ruta yenye milango mitatu inaweza kuwa teule upande wa Mwatate, msaidizi upande wa Wundanyi, na mwanachama wa kawaida ndani ya jengo ilimokaa.

Uchaguzi usio na sanduku la kura

Hakuna kura inayopigwa. Kila ruta hutuma pakiti ya salamu kila baada ya sekunde 10, ikitaja kipaumbele chake, kitambulisho chake, majirani inaowasikia, na nani anayeshika nafasi zile mbili. Kila moja hukokotoa matokeo peke yake. Yanalingana kwa sababu moja tu: wote wamesikia salamu zilezile. Sharti hilo ndilo linalovunjika kwanza ukitoka kwenye waya na kwenda hewani.

Kipaumbele ni namba kati ya 0 na 255. Mwenye 0 hagombei. Wakilingana, kitambulisho kikubwa hushinda. Watengenezaji hawakubaliani kuhusu namba ya kuanzia: ruta ya Cisco hutoka kiwandani na 1, ya Juniper na 128. Mwenye kuchanganya chapa bila kugusa mipangilio amekwisha kuamua mgombea wa nani ana nguvu, ila hajui. Kwenye chapa moja uamuzi huangukia kitambulisho, nacho kisipowekwa kwa mkono huchukuliwa kutoka kwenye mojawapo ya anwani za ruta hiyo, mara nyingi iliyo kubwa zaidi. Anwani ya 10.20 itaishinda ya 10.10, na sababu pekee ni kwamba mtu fulani aligawa namba siku hiyo kwa mpangilio huo.

Yote haya hutumika kukiwa hakuna aliyekalia kiti. Ruta ikiamka husikiliza kwanza, hadi sekunde 40. Ikikuta nafasi zote mbili zina wenyewe huwakubali, hata kama yenyewe ina 255 na aliyekaa ana 1. Teule akifa, msaidizi hupanda na msaidizi mpya hutafutwa. RFC 2328 haifichi kwamba utaratibu huu hufanya iwe vigumu kutabiri nani atakuwa kitini. Mwandishi wake aliona afadhali hilo kuliko kiti kubadilishwa mara kwa mara. Kila badiliko hulazimisha tangazo jipya la sehemu nzima, matangazo mapya ya kila mwanachama, na hesabu mpya za njia katika eneo zima.

Stima ikirudi

Tuchukue swichi moja mlimani Wusi yenye ruta tano: kubwa ya taasisi inayowalisha wengine, na ndogo nne za shule, zahanati na ofisi. Fundi makini ameipa kubwa kipaumbele 255 na kuziacha ndogo na 1. Kwenye karatasi mambo yamekwisha.

Stima inapotea, kisha inarudi. Ruta ndogo zinaamka ndani ya dakika moja, zinasikiliza sekunde 40, hazisikii aliyekalia kiti, zinagawana kiti na usaidizi. Ruta kubwa, yenye programu nzito, inamaliza kuamka dakika kadhaa baadaye. Inakuta kikao kimeanza. Inaketi nyuma na 255 yake.

Madhara yake hukuzwa na wengine na kupuuzwa na wengine. Siku hiyo hakuna mtumiaji atakayegundua chochote; ruta ndogo yoyote ya kisasa inamudu ukatibu wa ruta tano. Madhara huja siku za mbele, kwa sababu kiti sasa kimekaliwa na vifaa ambavyo huenda havina betri ya akiba, vya kwenye kabati la ofisi ambavyo mtu huvichomoa ili kuchaji simu. Akianguka teule pekee, mshtuko ni mdogo: wengine hugundua baada ya sekunde 40, msaidizi hupanda, na muda wote huo data huendelea kupita kwa njia za zamani. Wakianguka wote wawili pamoja, kama inavyotokea wanapokaa jengo moja lenye fyuzi moja, wanachama waliobaki huwa hawana aliye na ramani kamili pamoja nao. Inabidi wachague upya na kulinganisha upya, na mpaka wamalize, ile nukta inayowaunganisha haipo kwenye ramani. Hapo ndipo watumiaji hulalamika, na ruta kubwa iliyokuwa hai muda wote ndiyo hulaumiwa.

Kwa hiyo kinachoamua uchaguzi huu kwa kweli si ukubwa wa mtambo bali mpangilio wa kuamka, na mpangilio wa kuamka hutokana na umeme. Si kasoro ya itifaki. Itifaki ilikusudiwa kumpendelea aliyepo na anayedumu. Ni sisi tunaosoma neno kipaumbele tukadhani ni cheo.

Mabonde yasiyosikiana

Redio huleta shida ya aina nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo nzito zaidi kwa eneo lenye vilima. Mlingoti mmoja ukingoni mwa mlima unaweza kuhudumia nyumba za upande wa Mwatate na za upande wa Wundanyi. Zote zinausikia mlingoti. Zenyewe kwa zenyewe hazisikiani kwa kuwa mlima umekaa katikati. Mlingoti unaweza kurudisha hewani alichosema mmoja ili mwingine asikie, lakini wengi huzima uwezo huo kwa usalama, mteja asichungulie mtandao wa mteja mwenzake.

OSPF iliyowekwa hapo kwa mtindo wa Etheneti hudhani wote wako ukumbini. Ruta ya upande wa Mwatate, yenye kitambulisho kikubwa, inakubaliana na ya mlingotini kwamba yenyewe ndiyo teule. Ruta ya upande wa Wundanyi haijawahi kuisikia hiyo; kwa hesabu yake wagombea ni wawili, yenyewe na ya mlingotini, nayo inaweza kuamua kwamba ya mlingotini ndiyo teule. Kila mmoja amehesabu sawasawa na matokeo ni mawili. Kibaya ni kwamba skrini inaweza kuonyesha majirani wamefika hatua ya mwisho huku njia hazipo, kwa kuwa ruta ya Wundanyi imejishikiza kwenye nukta ambayo hakuna aliyeitangaza.

Wapo wanaotibu hili kwa kuwapa walio mabondeni kipaumbele 0, ili mlingoti ubaki mgombea pekee. Uchaguzi unatulia, tena bila msaidizi, lakini tatizo halijaisha. Ramani bado inasema Mwatate na Wundanyi wako sehemu moja na wanaweza kupelekeana data moja kwa moja, jambo ambalo mlima umelikataa. Tiba kamili ni kuitangazia OSPF kwamba hapa ni mtindo wa nukta moja kwa nyingi: hakuna uchaguzi, kila mmoja analinganisha ramani na mlingoti, na data za Mwatate kwenda Wundanyi hupangiwa kupitia mlingotini kama hali ilivyo. Gharama yake ni matangazo machache zaidi, njia moja ya ziada kwa kila mwanachama. Ni gharama ndogo.

Kuna jambo jingine la hewani ambalo halionekani kwenye mchoro wowote. Salamu za OSPF hutumwa kwa kundi, na katika Wi-Fi pakiti ya kundi inayotoka mlingotini hurushwa bila kuthibitishiwa kupokewa. Ikipotea imepotea. Zikipotelea njiani salamu zote za sekunde 40, ruta teule inatangazwa marehemu ingali hai, kiti kinahama, ramani inachorwa upya, na fundi anatafuta hitilafu ya umeme ambayo haikuwepo.

Misimamo iliyopo

Msimamo wa kwanza ni kuacha mipangilio ya kiwandani. Watetezi wake wana hoja: OSPF ilibuniwa kufanya kazi bila mkono wa mtu, na mkono wa mtu ndio chanzo cha makosa mengi. Kwenye jengo lenye ruta tatu zenye umeme wa uhakika sioni sababu ya kuwapinga. Udhaifu ni kwamba siku ya hitilafu hakuna anayejua kiti kiko wapi, na kukitafuta ni kazi ya ziada katikati ya dharura.

Wa pili ni kuwapanga wagombea. Wawili hupewa namba za juu, wengine wote 0. Sifuri ndiyo siri ya njia hii, wala si 255: kipaumbele kikubwa huahidi ushindi iwapo umewahi, sifuri huzuia ushindi hata ukiwahi. Katika kisa cha swichi ya Wusi, ruta ndogo zenye 0 zingengoja kubwa iamke. Hapo pia ndipo gharama ilipo. Wagombea wote wawili wasipoamka, wanachama waliobaki watasikiana, watasalimiana, na hakuna njia itakayojengwa kati yao. Umenunua uhakika kwa kupunguza uvumilivu wa mtandao.

Wa tatu ni kufuta uchaguzi kila unapoweza, kwa kutangaza viungo vya ruta mbili kuwa vya nukta kwa nukta. Kiungo kinaamka bila kungoja zile sekunde 40, ramani inapungua tangazo moja, na swali la nani teule haliulizwi tena. Hasara pekee ninayoiona ni kwamba pande zote mbili lazima zipangwe sawa. Upande mmoja ukisahaulika, zitafika hatua ya mwisho ya ujirani na bado zikose njia, hitilafu inayomchanganya hata mzoefu. Aidha kiungo hicho hakitafaa siku mtu atakapochomeka ruta ya tatu.

Wa nne unatoka nje ya OSPF. Itifaki ya IS-IS huruhusu ruta yenye kipaumbele cha juu kumwondoa aliye kitini mara tu inapofika, na haina msaidizi kabisa. Wanaoipenda husema hivyo ndivyo mtu wa kawaida anavyotarajia: weka namba, upate unachotaka. Ni kweli, lakini IS-IS inamudu hilo kwa sababu ruta zake zote kwenye sehemu moja huwa na ujirani kamili wao kwa wao, na aliye kitini hurudia orodha ya ramani kila baada ya sekunde chache, hivyo akiondoka pengo ni dogo. OSPF imeweka uzito mkubwa kwa aliye kitini, ndiyo maana inaogopa kumgusa. Kuichukua tabia moja ya IS-IS bila nyingine hakuwezekani, na kuhamisha mtandao mzima wa kaunti kwenda itifaki nyingine kwa ajili ya kiti kimoja ni kuchoma shamba kwa kumfukuza panya.

Kipi kifanywe wapi

Misimamo hii haistahili kupewa uzito sawa. Kwa mtandao wa mlimani, wa tatu ndio uwe kanuni na mingine iwe ya kipekee. Kiungo chochote chenye ruta mbili, kiwe faiba ya Voi na Mwatate au redio ya mnara kwa mnara, kifanywe cha nukta kwa nukta, na pande zote mbili zikaguliwe siku hiyohiyo. Mlingoti unaohudumia mabonde kadhaa uwe wa nukta moja kwa nyingi. Baada ya hapo sehemu za pamoja za kweli zitakazobaki zitakuwa chache: chumba cha mitambo, swichi ya chuo, pengine swichi ya jengo la kaunti.

Hizo chache ndizo za kupanga wagombea, wawili na sifuri kwa wengine, au watatu pale ambapo kukosa teule kunaumiza zaidi. Wagombea wasikae kwenye fyuzi moja. Wachaguliwe kwa saa za betri na sola kwanza, kisha ndipo uangalie nguvu za mtambo. Ruta ndogo iliyo kwenye betri ya saa 12 ni katibu bora kuliko kubwa inayozimika kila stima inapoyumba. Vitambulisho viwekwe kwa mkono, na milango inayoelekea kwa watumiaji izuiwe kutuma salamu, kisha milango iliyobaki iwekewe nywila, ili kifaa cha mtu asiyejulikana chenye kipaumbele 255 kisije kikasubiri stima ipotee kama wagombea wengine.

Kwa mtandao ambao tayari unafanya kazi, kubadilisha namba pekee hakutamwondoa aliye kitini kama hajapewa 0. Atabaki hapo hadi azimwe au OSPF yake ianzishwe upya. Fanya hivyo usiku, anza na msaidizi, subiri aliyechukua nafasi yake afikie ramani kamili, ndipo umguse teule. Na kabla ya kumwandikia mgombea yeyote kipaumbele, nenda ukaipime betri yake.